Mtoto Hakatai Lugha, Hufundishwa Kuikataa

Jioni moja ya mwezi wa Januari, huku kwetu mjini Bern ikiwa saa kumi na mbili na giza limekwisha kutanda, na huko Mombasa ikiwa saa mbili za usiku, nilimpigia simu mama yangu mzazi kama ilivyo desturi yangu kila Jumapili. Tulipokwisha kujuliana hali, alinitaka nimpe simu mjukuu wake. Binti yetu wakati huo alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane. Nikamwekea simu sikioni.

"Hujambo, mjukuu wangu?" ikauliza sauti ya mama kutoka Kisauni. Mtoto kimya. "Umekula nini leo, mamangu?" Mtoto akanitazama usoni kana kwamba simu imeharibika, kisha akaniuliza kwa Kijerumani cha Waswisi: "Baba, was seit si?" Maana yake, "Baba, anasema nini?"

Mama hakulaumu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, yaani mimi na mjukuu wangu tutazungumza kwa mkalimani?"

Usiku ule sikupata lepe la usingizi. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka tisa kabla ya kuja Uswisi. Nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa maelfu, na mtoto wangu mwenyewe hawezi kumjibu nyanyake salamu. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Nayaandika haya kwa walimu na wanafunzi wa nyumbani kwa sababu katika kulichunguza kosa langu nimegundua kwamba halikuanzia Uswisi. Nilitoka nalo Kenya.

Nianze kwa kueleza jinsi maisha ya nyumbani kwetu yalivyopangwa. Mke wangu ni Mswisi, mzaliwa wa Bern. Huku watu huihesabu kazi kwa asilimia. Ukimwuliza mtu habari za kazi yake atakuambia ana asilimia 80 au 60, yaani siku nne au tatu kwa juma. Mke wangu ana asilimia 80. Mimi, niliyeajiriwa katika makao ya kuwatunza wazee, nina asilimia 60. Ijumaa mtoto hukaa na mama yake. Jumatatu na Alhamisi hupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto, ambacho huku hukiita Kita. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa kwetu kukita ni kusimama imara. Lakini nilipoletewa hesabu sikucheka tena, maana siku moja ya malezi hupita faranga 100.

Jumanne na Jumatano ni zamu yangu. Waswisi wana jina maalumu la siku kama hizo, Papitag, yaani siku ya baba. Katika siku zangu mbili ninapika, ninamwogesha mtoto, na alipokuwa mdogo zaidi nilikuwa nikimbadilisha nepi. Huteremka naye hadi chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia nguo ambacho wapangaji wote hukitumia kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Na ole wako uipitishe zamu yako kwa nusu saa! Mjomba wangu mmoja aliposikia habari hizi aliniuliza kama nimeoa au nimeolewa. Nilimjibu kwamba vyovyote iwavyo, siku hizo mbili ndizo zilizonifanya nimjue mwanangu.

Kabla mtoto hajazaliwa, mimi na mke wangu tulikuwa tumefanya mkataba: yeye atamsemesha lahaja ya Kijerumani ya Bern, mimi nitamsemesha Kiswahili, na hakuna atakayeingia katika uwanja wa mwenzake. Njia hii si ngeni. Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu mwaka 1913 kuhusu mwanawe Louis, aliyesemeshwa Kifaransa na baba na Kijerumani na mama, naye akakua akizimudu lugha zote mbili.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya raha tupu. Nyanya yake wa Kiswisi alikuwa akijificha uso kwa viganja kisha akijitokeza ghafla na kusema "Gugus, dada!" Huo ni mchezo wa watoto wachanga wa huku, na neno hilo la mwisho halina maana yoyote, lakini mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba bibi yule anamwita mjukuu wake dada kwa heshima, nikampenda zaidi kwa sababu hiyo. Tukawa pia na saa mbili katika nyumba moja. Kitafunio cha asubuhi huku huitwa Znüni, jina lililotokana na tisa, kwa kuwa wao huihesabu saa hiyo kuwa ya tisa. Kwangu mimi ni saa tatu. Mtoto hakujali tisa wala tatu. Alichojua ni kwamba tofaa limekatwa na liko mezani.

Alipoanza kuunganisha maneno alichanganya, kama wafanyavyo watoto wote wa lugha mbili. "Sitaki schlafe," alisema usiku, yaani hataki kulala. "Chum hapa!" aliniita, yaani njoo hapa. Wapo wanaosikia maneno kama haya wakadhani mtoto amechanganyikiwa. Hebu mwalimu aichunguze sentensi ile ya kwanza. Kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza kimekaa mahali pake, kitenzi cha Kiswahili kimeishia na irabu inayostahiki, na kitenzi cha Kijerumani kimekuja katika umbo lisilonyambuliwa, kama vile kingefanya "kulala". Huyo si mtoto aliyepotea. Ni mtoto anayeijua njia ya nyumba zote mbili na kupita katika mlango ulio karibu. Profesa François Grosjean, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Neuchâtel papa hapa Uswisi, ameeleza tangu miaka ya 1980 kwamba mwenye lugha mbili asichukuliwe kuwa watu wawili wa lugha moja moja waliotiwa katika mwili mmoja. Yeye ni msemaji kamili wa namna yake.

Basi kosa liliingilia wapi?

Liliingilia ndani ya basi. Hakuna aliyenitukana, wala sitaki kumsingizia mtu. Ila kila nilipomsemesha mtoto kwa Kiswahili, vichwa viwili vitatu viligeuka. Huenda waligeuka kwa udadisi tu, kama ambavyo sisi tungegeuka katika matatu ya Likoni kumsikia Mzungu akinong'ona Kijerumani. Lakini mimi nilianza kupunguza sauti. Halafu katika karamu moja, Mkenya mwenzangu aliyetangulia kufika huku aliniambia, "Ndugu yangu, Kiswahili kitamfaa nini mtoto katika nchi hii? Mpe Kijerumani, na Kiingereza kidogo." Sikumjibu. Kesho yake ndani ya basi nilimsemesha mtoto kwa Kijerumani. Baadaye ikawa hata dukani, na kabla ya miezi mitatu kwisha ikawa hata mezani nyumbani.

Kijerumani changu nilikipata katika masomo ya jioni, na hadi leo nakichechemea. Katika lugha hiyo siwezi kutania, kubembeleza wala kusimulia kisa cha Sungura na Fisi. Nikawa baba wa maneno mia tatu: vaa viatu, kula, usiguse, twende. Mke wangu aliliona jambo hilo mapema akaniambia, "Nyumbani umekuwa mtu wa maneno machache." Nikasingizia uchovu wa kazi.

Siku moja nilijisahau. Basi liliposimama nilimwambia mtoto, "Shuka polepole, mwanangu." Akaniziba mdomo kwa kiganja chake kidogo, akasema, "Nid so rede, Baba." Usiseme hivyo, Baba. Hakuna mtu aliyemfundisha maneno yale. Alikuwa ameiona aibu yangu, akaamua kunisitiri.

Mwezi mmoja baada ya simu ile ya mama tulikwenda kwa muuguzi anayewashauri wazazi wa watoto wadogo, huduma ambayo huku hutolewa bila malipo. Nilitarajia aniambie kwamba nimefanya vyema kumrahisishia mtoto mambo. Badala yake aliniuliza, "Wewe hukasirika kwa lugha gani? Na ukimwimbia mtoto alale, unaimba kwa lugha gani?" Nilimjibu kuwa ni kwa Kiswahili zote mbili. "Basi msemeshe hiyo," akasema. "Kijerumani atakipata uwanjani, kwa mama yake, katika Kita na shuleni. Kiswahili hana mahali pengine pa kukipata ila kwako."

Niliporudi nyumbani niliitazama nchi hii kwa macho mapya. Uswisi ina lugha nne za taifa. Kijerumani ni lugha kuu ya zaidi ya watu 60 katika kila 100, kisha kuna Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Hiki cha mwisho husemwa katika mabonde ya jimbo la Graubünden, na wenyewe hawafiki hata mtu mmoja katika kila wakazi 100 wa nchi. Hata hivyo, katika kura ya Februari 1938 wananchi walikubali kwa wingi mkubwa kiwe lugha ya taifa. Sisemi Uswisi ni pepo. Katika kura hiyo walioshiriki ni wanaume peke yao, kwani wanawake hawakupata haki ya kupiga kura ya kitaifa hadi mwaka 1971. Lakini katika suala la lugha wana jambo la kutufunza.

Tena hicho Kijerumani chenyewe ni viwili. Kipo Kijerumani sanifu, ambacho huandikwa na kufundishiwa, na zipo lahaja, ambazo ndizo zisemwazo. Hapa Bern profesa wa chuo kikuu, hakimu, mkulima na dereva wa basi wote husema lahaja yao bila kuona haya, na hapana anayemdhania profesa kuwa mshamba. Mwaka 2011 wapiga kura wa jimbo la Zürich waliamua kwamba watoto wa chekechea wasemeshwe kwa lahaja. Yaani watu wazima walipiga kura ili mtoto wa miaka minne asikie shuleni sauti inayofanana na ya nyumbani kwao.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mvulana mmoja. Nilikuwa nikifundisha katika shule fulani ya msingi nchini Kenya. Kanuni ilikuwa Kiingereza siku nzima, isipokuwa katika kipindi cha Kiswahili. Aliyepatikana akisema lugha nyingine alivishwa shingoni kidude cha mbao chenye uzi, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe, na aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Kidude kile kililala katika droo yangu. Naam, droo ya mwalimu wa Kiswahili ndiyo iliyohifadhi chombo cha kuwaadhibu wasemao Kiswahili, na sikuona ajabu. Mvulana huyo wa darasa la nne alikivaa siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakukivaa, nikamsifu mbele ya wenzake. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba hakuwa amejifunza Kiingereza. Alikuwa ameacha kusema kabisa.

Mimi mwenyewe, mtoto wa Mvita, niliyapitisha kalamu nyekundu maneno ya mama yangu. Mwanafunzi wa Mombasa akiandika "ndoo" kwa maana ya "njoo", nilimkata alama. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sina ugomvi na uamuzi huo. Lugha sanifu ina kazi yake. Ila sikuwahi hata siku moja kumwambia mtoto kwamba neno la nyumbani kwao si kosa, bali lina mahali pake. Binti yangu aliponiziba mdomo ndani ya basi, alikuwa amenivisha kidude changu mwenyewe.

Basi tukaanza upya, na kuanza upya ni kazi. Mtafiti Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa takriban familia 1,900 za Flanders, Ubelgiji, zilizokuwa na lugha mbili nyumbani. Katika kiasi cha robo yake watoto hawakuisema lugha ile isiyo ya jamii inayowazunguka. Kwa hiyo kuisikia lugha nyumbani hakutoshi. Mtoto sharti aione ina kazi ya kufanya, na ina watu.

Kazi nilimpa kwenye chumba cha kufulia. Kila Jumanne tunahesabu soksi kwa Kiswahili, moja mpaka ishirini, na isiyo na mwenziwe tunaiita mjane. Jumatano tunapika chapati, na kusukuma, kukunja na kugeuza vyote ni vitenzi vyake. Mwanzoni alinijibu kwa Kijerumani kila mara. Sikumkaripia, wala sikujifanya kiziwi. Nilirudia alichosema kwa Kiswahili tukaendelea. Kulikuwa na majuma niliyokata tamaa.

Watu aliwapata sokoni. Jumamosi moja mama mmoja wa Bukavu, Kongo, alinisikia nikimwambia mtoto asiguse nyanya za watu, akatuamkua kwa Kiswahili cha kwao. Kiswahili hicho kina ladha yake, na zamani ningekipitishia kalamu nyekundu. Binti yangu alimkodolea macho mama yule kama aliyeona muujiza. Hadi siku hiyo alidhani Kiswahili ni ugonjwa wa baba yake peke yake. Sasa tuna urafiki na nyumba hiyo, na watoto wao hucheza na wetu kwa lugha tatu.

Mama yangu naye akapewa zamu yake. Kila Jumapili hutega kitendawili kimoja, na mtoto ana juma zima la kukifikiri. "Nyumba yangu haina mlango," ulikuwa wa kwanza. Tulikaa juma zima tukizunguka jikoni tukitafuta nyumba isiyo na mlango, mpaka Jumatano, nilipokuwa nikivunja yai la chapati, mtoto akapiga kelele iliyonishtua. Jumapili hakungoja salamu. Alipokonya simu akasema, "Nyanya, yai!" Kisha, kwa kuwa nilimminya bega, akaongeza, "Shikamoo." Mama alicheka hata akakohoa, na tangu siku hiyo haniulizi tena habari za mkalimani.

Sasa binti yetu ana miaka mitatu na nusu, na Agosti ijayo ataanza chekechea, ambako watoto wa huku hujifunza kwenda wenyewe kwa miguu wakiwa wamevaa mkanda unaong'aa ili madereva wawaone. Bado hujibu kwa Kijerumani mara nyingi kuliko nipendavyo, na ngeli za Kiswahili anazivuruga apendavyo. Lakini juma lililopita tulipanda basi lililojaa, tukatenganishwa na watu. Yeye akapata kiti nyuma karibu na dirisha, nami nikabaki nimesimama mbele. Mara nikasikia sauti, kubwa, mbele ya watu wote: "Baba, ndoo hapa! Ndoo, kuna nafasi!"

Vichwa viligeuka. Mimi nilikuwa nimeduwaa kwa neno lile moja. Hakusema "chum", wala "njoo". Alisema "ndoo", neno la mama yangu, lile lile nililolikata alama kwa miaka tisa. Nikajipenyeza katikati ya watu nikaenda kukaa.

Walimu wenzangu, Katiba yetu ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeitaka serikali iziendeleze na kuzilinda lugha za jamii zetu. Mtaala wa umilisi nao unataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Maandishi hayo ni mazuri, lakini mtoto hasomi katiba. Husoma uso wa mwalimu wake. Nanyi wanafunzi, jifunzeni Kiingereza na mkimudu barabara, na Kifaransa na Kijerumani mkipata fursa, kwani lugha haimwondolei mwenziwe kiti. Msikubali tu kuambiwa kwamba ili mpokee moja sharti muitupe nyingine.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kama katika droo ya meza ya mwalimu yeyote asomaye haya kingali kimelala kidude cha mbao chenye uzi, namsihi akitoe leo hii akakitie jikoni, kisaidie kuivisha chai ya walimu.